Povu kwenye Glasi ya Mama

3 Machi

Mdogo wangu Mwalimu,

Hujambo huko kwenye shule yako isiyo na mtandao? Sisi tupo, tunasukuma siku. Bomba la uani limeacha kuvuja baada ya fundi kulikaza kwa hasira. Kule nyumba ya wageni wamenipandisha: sasa mimi ndiye msimamizi wa usafi wa ghorofa zote mbili, kwa hiyo ukisikia kuna mtu anatembea kama amemeza mpini wa ufagio, jua ni dada yako. Mama anakusalimu. Anauliza kama unakula vizuri, nami nimemjibu kwamba wewe tangu utoto hujawahi kula vibaya.

Sasa sikiliza. Majibu ya barua hii usiyalete nyumbani. Tumia sanduku la posta la kazini kwangu. Sipigi simu kwa sababu simu yako haishiki, na hata ingeshika, nyumba hii ina masikio.

Jambo lenyewe linamhusu mkeo. Najua umeshakunja uso. Kunja, lakini soma.

Tangu nihamie chumba cha nyuma ili nimsaidie mama, naona mambo. Unajua mkeo si mtu wa maneno, ndiyo maana tangu harusi yenu namwita Kimya. Zamani nilidhani ni adabu. Siku hizi sina hakika. Kila asubuhi anafunga mlango wa jikoni kabla ya kumpelekea mama maji ya kunywa. Mtu anayechota maji ana nini cha kufungia mlango? Nikazunguka uani nikachungulia dirishani. Alitoa kikaratasi kifuani, akakikunjua, akamimina unga mweupe kwenye glasi ya mama. Mdogo wangu, maji yalitokota. Hakuna moto, hakuna mvuke, lakini povu lilipanda na mlio wa shhh nikausikia mpaka nje. Aliponiona akafunika glasi kwa kisahani.

Nikamuuliza, "Unampa mama nini, wifi?"

"Maji tu, wifi."

Maji tu! Mimi nimefua mashuka nusu ya maisha yangu, maji nayajua.

Na mama anakohoa. Alikuwa hakohoi hivi. Macho yanamwasha, koo linamkwaruza, na Jumamosi iliyopita alikohoa mpaka akashika ukuta. Zahanati wamempima, wanasema kifua hakina ugonjwa wowote wanaoujua. Mimi nafanya niwezalo. Chumba chake nakisafisha mwenyewe kila Jumamosi, maana usafi wa mkeo ni kupaka maji sakafuni na kuyatazama yakikauka. Lakini kinachoingia kinywani nitakisafishaje?

Wewe umesomea vitu hivi. Unga gani unachemsha maji bila moto? Na yeye Kimya anakuandikia nini?

Dada yako.


24 Machi

Dada,

Hongera kwa cheo. Nawaonea huruma wafanyakazi wa ghorofa zote mbili. Huku mvua imetushika, barabara imekuwa uji, na barua yako imefika imechelewa na imelowa upande mmoja, ila maneno makali yote yamesalimika. Maabara yangu ni kabati moja lenye kufuli, na kufuli ndilo kifaa kizuri kuliko vyote vilivyomo. Mwambie mama nakula.

Umeniuliza kuhusu barua za mke wangu. Hilo tuliache.

Kuhusu unga, tulia kwanza. Kuchanganya vitu viwili hakuna maana moja. Ukitia chumvi kwenye maji, chumvi inapotea machoni lakini haijaenda popote. Onja, ipo. Yaache maji yakauke, itarudi chumvi ileile uliyoitia. Hilo tunaliita badiliko la umbo tu: kitu kimejificha, hakijageuka. Mchanga na maharage ukivichanganya ni hivyohivyo, kazi ni kuchambua tu. Lakini kuna michanganyiko ambayo vitu vinashikana na kuzaa kitu kingine kabisa, chenye tabia zake. Hilo ni badiliko la kikemikali. Dalili zake nawaimbisha wanafunzi wangu kila muhula: povu la gesi bila kuchemsha, joto au baridi isiyo na sababu, rangi mpya, harufu mpya, au vumbi linalotuama chini ya maji yaliyokuwa safi. Dalili moja peke yake inaweza kukudanganya. Ndiyo maana tunapima.

Basi pima. Usionje! Tafuta kikaratasi kimoja cha unga huo. Utie kwenye maji safi, uone kama povu linatoka kwa maji peke yake. Mimina kwenye sahani, weka juani yakauke. Utakachokikuta kwenye sahani kitie maji tena. Kikitoa povu tena kama mwanzo, niambie. Kisipotoa, niambie vilevile.

Wala usimsemeshe mtu neno, hasa yeye. Nataka kujua ninachokisema kabla sijakisema.

Mdogo wako.


11 Aprili

Mwalimu,

Salamu za mama zipo, ila zimekatizwakatizwa na kikohozi. Kazini hatujambo. Mgeni mmoja ameondoka na taulo letu, tukamkimbilia mpaka barabarani, kumbe ni taulo lake na letu lilikuwa chini ya kitanda. Meneja aliniangalia kwa jicho ambalo silisahau.

Nimepima. Kikaratasi nilikipata kwenye mfuko wa aproni ya Kimya alipokuwa anaoga, na usiniambie habari za adabu. Nilifunga mlango wa chumba changu nikatia unga kwenye glasi. Maji yalikuwa ya bomba, safi, hayana kitu. Povu likatoka palepale! Nikashika glasi, ikawa ya baridi kuliko maji niliyoyachota. Nikaona umesema joto au baridi, basi nikahesabu dalili mbili.

Nikamimina kwenye sahani nikaipandisha juu ya paa la banda, nikawaambia watu nakausha dawa ya miguu. Yalipokauka kukabaki unga mweupe, nikafurahi, nikasema umerudi, kumbe ni mambo ya chumvi tu. Nikautia maji. Kimya! Yaani hakuna povu, hakuna mlio, umeyeyuka tu umelala kama haujawahi kuwa na uhai. Nikajaribu tena na uliobaki sahanini, hivyohivyo. Umekufa, Mwalimu. Kwa maneno yako mwenyewe, kitu kimegeuka kikawa kingine. Kama unga wenyewe unatoka mle hauko vilevile, mama anayeunywa je?

Nimeanza kumwangalia Kimya kwa makini. Akiingia chumbani kwa mama wanacheka, nikiingia mimi wananyamaza. Jana nilimkuta amemwinamia mama sikioni. Watu wanaonong'onezana na kunyamaza wakikuona, wanamsema nani kama si wewe?

Kikohozi kimezidi. Kwa hiyo chumba cha mama sasa nakisafisha Jumatano na Jumamosi, mlango na dirisha nafunga ili vumbi la nje lisiingie. Nimemkataza Kimya kugusa hata kitambaa. Alikitundika kambani akatoka.

Niambie nifanye nini. Mama ni mmoja.

Dada yako.


2 Mei

Dada,

Nimefurahi kwamba taulo limepatikana. Umefanya kazi nzuri kuliko darasa langu zima, ambalo juzi limeniunguzia meza.

Ni kweli unga umebadilika kikemikali. Lakini kugeuka si sumu, dada. Mkate ukiokwa unageuka, kuni zikiungua zinageuka. Ndani ya unga huo, kwa jinsi ulivyoeleza, kuna vitu viwili vinavyongojea maji tu vikutane. Vikikutana vinatoa gesi ileile iliyomo kwenye soda, na kinachobaki hakina tena cha kutoa, ndiyo maana hakitoi povu mara ya pili. Ninaudhania ni unga wa tumbo, wa kiungulia, unauzwa maduka ya dawa popote. Kikohozi hauleti.

Ningeweza kuishia hapo, nikakwambia ulale salama. Lakini sijalala mimi. Unga haunitishi. Kinachonitisha ni kikaratasi cha kifuani, mlango wa kufungwa, na "maji tu". Mtu akimpa mama yangu dawa ya tumbo kwa nia njema, anaificha ya nini? Na kama hilo linafichwa, nitajuaje kipi kingine kinachofichwa? Mama anaumwa kitu kisicho na jina, na wa karibu naye zaidi ni mtu nisiyejua anachowaza. Nimegeuza jambo hili kila upande, sioni jibu la kunituliza.

Nimemwandikia. Nimemwambia aende kwao apumzike mpaka nitakapomwandikia tena. Sikumweleza sababu. Mama mwambie amekwenda kuwasalimia wazazi wake.

Mdogo wako.


27 Mei

Mwalimu,

Hapa tuko wawili tu sasa, na nyumba imekuwa kubwa ghafla.

Barua yako ilimkuta anapiga pasi. Aliisoma amesimama, akaizima pasi, akamalizia kukunja gauni la mama ambalo lilikuwa bado lina mikunjo mgongoni. Akaenda kupanga vitu vyake. Nilikaa mlangoni nikimtazama, nilitaka kuona anachukua nini. Hakuchukua cha mtu. Alimuaga mama, akanipita mimi. Sijui nilitarajia nini, kulia labda, au matusi. Angetukana ningepata amani.

Mama nilimwambia kama ulivyosema. Kila siku anauliza anarudi lini.

Sasa jambo ninaloshindwa kulielewa, naomba ulielewe wewe uliyesoma: kikohozi hakijakoma. Kimezidi. Kimya ameondoka, unga hakuna, na mama jana alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Nimeshaanza kudhani yule binti kaacha kitu humu ndani. Nimepekua godoro, nimepekua nyuma ya kabati, nimekuta pini za nywele tu.

Basi nimeamua kuua kila alichokiacha. Nasafisha chumba kila siku. Nimeongeza zile dawa zetu mbili ninazozileta kutoka kazini: ile klorini tunayong'arishia mashuka, na ile dawa kali ya choo inayokula madoa. Kule kazini moja ni ya kufulia, nyingine ni ya chooni, hazikutani. Mimi tangu mwanzo huku nyumbani nazitia zote kwenye ndoo moja, maana hii inaua wadudu na hii inakula uchafu, zikiwa pamoja hakuna kitakachobaki hai. Nilikuwa natia kidogo, sasa natia za kutosha. Zikikutana ndoo inatoa povu, maji yanakuwa ya manjano, na harufu yake si ya klorini wala ya choo, ni kali inachoma pua mpaka machozi. Ndipo najua dawa inafanya kazi. Najifunga kitambaa mdomoni, nadeki chini ya kitanda, nafunga dirisha ili nguvu isitoke. Mama namwambia avumilie kidogo, ni kwa faida yake.

Hebu fikiria, Mwalimu. Kitu gani kinaweza kuishi ndani ya chumba kisafi namna hiyo?

Dada yako.


9 Juni

Dada,

Sina salamu ndefu. Nimeshukuru tu kwamba ulipokea simu.

Niliposoma barua yako niliondoka darasani nikiwa na chaki mkononi. Lori la mbao lilinifikisha njiapanda kwenye mtandao, nikapiga mapokezi ya nyumba ya wageni mpaka wakachoka nami wakakuita. Najua ulichokisikia wewe. Ulisema, "Unaniita mimi muuaji wa mama yangu?" ukakata. Kisha nikapiga tena, dada wa mapokezi akaniambia umetoka mbio bila kuvua aproni. Hapo ndipo nilipokaa chini, palepale kando ya barabara.

Sikusema wewe ni muuaji. Nilisema fungua dirisha. Naandika sasa kwa utulivu nilichokisema kwa kupiga kelele, ili ukisome kwa utulivu.

Dawa hizo mbili ukizitumia kila moja mahali pake, hazina neno. Ukizikutanisha, zinashikana na kuzaa gesi. Hiyo ndiyo harufu ya tatu, isiyo ya hii wala ya ile. Harufu mpya, rangi ya manjano, povu: umeniandikia dalili zote kwa mkono wako. Gesi hiyo hukata koo, huchoma macho, na ikifungiwa chumbani na mtu, hushuka chini alipolala ikamjaa kifuani. Hakuna nguvu mbili zilizoongezeka kwenye ndoo hiyo. Zile mbili zimelana, na kilichobaki ni kingine.

Mpeleke mama hospitali, siyo zahanati. Waambie jina la kila dawa, usione haya. Na wewe mwenyewe wakupime, maana ulikuwa umeinama juu ya ndoo.

Kuna jambo jingine. Sijaliandika kwa sababu kalamu inagoma. Unalijua.

Mdogo wako.


10 Julai

Mdogo wangu,

Mama anakula, analala, anagomba. Hospitali walimlaza, wakampa hewa ya mtungi, sasa yuko nyumbani na dirisha liko wazi mchana na usiku mpaka mbu wanatushangaa. Kikohozi kimepungua sana. Daktari anasema kifua kitarudi, taratibu. Mimi walinipima, nina koo bovu tu, na watu wa kazini wanasema afadhali.

Sababu ya kupona kwake unaijua. Mimi sitaiandika kwenye karatasi.

Siku alipopata pumzi ya kusema, mama aliniuliza Kimya yuko wapi kwa kweli. Nikamwambia yote, hata habari ya sahani juu ya paa. Kisha akasema unga ule ni yeye aliyemtuma akanunue. Tumbo linamchoma kwa sababu anakula pilipili, na pilipili mimi nilishamkataza mbele ya watu, nikaitupa chupa nzima. Mkeo akawa anamletea pilipili kidogo kwa siri na unga wa kuituliza kwa siri. Kwenye sikio alikuwa anamwambia, "Mama, leo hakuna, wifi ameona." Ndicho kilichokuwa kinawachekesha. Mimi.

Mama akageukia ukutani. Akasema, "Mmemfukuza mtoto wa watu kwa ajili ya kiungulia changu." Tangu hapo hajataja jina langu, ananiita "wewe".

Jumapili nilikwenda kwa wakwe zako. Nilimkuta barazani na ungo wa maharage, anachambua. Alinikaribisha, akaniletea kigoda. Nikaanza kuchambua naye, maana mikono yangu ilihitaji kazi. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, mdogo wangu, nikayakosa yote. Nikasema tu, "Wifi, twende nyumbani."

Akachambua. Mwisho akauliza, "Ile barua uliiandika wewe?"

"Hapana."

"Uliisoma?"

"Hapana, wifi."

"Basi ni yake mwenyewe." Alisema hivyo kama mtu aliyekuwa na tumaini dogo na sasa ameliweka chini. Hujawahi kumsikia akisema mengi, na mimi pia sijawahi, kwa hiyo nakuandikia kama alivyosema: "Wewe uliniuliza, wifi. Uliniuliza mara moja nikakudanganya, hilo ni langu, nitalibeba. Mume wangu hakuniuliza. Angeniuliza yeye ningemwambia, hata kama mama angenichukia. Amepima unga. Amekupimisha sahani juu ya paa. Mimi hakuniuliza hata neno moja."

Nikajua mama amemweleza. Kumbe tangu siku ile amekuwa akimpigia kwa simu ya jirani.

Nililia, sitakuficha. Nikamwambia nitakuandikia nikueleze kila kitu, utamjibu.

Akasimama na ungo wake. Akasema, bila hasira hata kidogo, "Mwandikie, wifi. Ninyi ndio mnaoandikiana."

Akaingia ndani.

Usinijibu barua hii. Panda gari uje.

Dada yako.